Chumba cha Nyuma cha Manowari

Jioni ile Mwalimu Bernadi alikuwa ametoka kuchukua kopo tupu la mafuta ya kula kwa Gaudiosa, muuza vitumbua wa pale Liuli. Alihitaji bati jembamba lisilo na kutu, la kumalizia sitaha ya meli yake.

"Mwalimu, na hilo nalo unakwenda kulikata?" Gaudiosa alimtania. "Utatumalizia makopo ya wilaya nzima."

"Limebaki hili tu," akajibu.

Meli yenyewe ilikaa juu ya meza yake, urefu wa mkono. Ilikuwa mfano wa manowari ya chuma, zile za mwanzo mwanzo, ambayo Wajerumani waliileta vipande vipande na kuiunganisha ufukweni mwa ziwa. Kila sentimita ya mfano ilikuwa nusu mita ya meli. Bernadi, mwalimu mstaafu wa ufundi, alipenda vipimo hadi kero. Alihesabu ribiti, zile pini za kuunganishia mabati, kwenye picha za zamani kwa kioo cha kukuzia. Mzinga wa mbele aliurudia mara sita kwa kosa ambalo wewe na mimi tusingeliona hata tukipewa mchana kutwa.

Watu walicheka. Binti yake Ida hakucheka, kwani yeye ndiye aliyeshika rula upande wa pili. Kila ubavu ulipokwisha kulehemiwa, Ida aliugonga kwa ukucha mara tatu. Ko, ko, ko. Mlio ukiwa safi, hakuna tundu. Maji hayapiti.

Kilikosekana kipimo kimoja tu, cha chumba cha nyuma, chini ya sitaha, ulimokaa mtambo wa usukani. Hakuna mchoro uliokionyesha. Ila ng'ambo ya ghuba aliishi Mzee Romanus, ambaye babu yake alikuwa mchochea moto wa meli ile, akaacha kamba aliyokipimia chumba hicho. Mtu mwingine angekisia. Nani angejua? Bernadi akamtuma Ida.

"Baba, nimeiona kamba," Ida alisema kwenye simu siku moja ya Machi. "Mzee ana vidole vitatu tu mkono wa kushoto, lakini anafunga fundo kunishinda! Anakuja nayo mwenyewe, anataka kuiona meli yako. Tunapanda boti sasa hivi."

Upepo wa mwera, ule mkali wa kusini, ukavuma, boti ikapinduka.

Maiti ya Mzee Romanus iliokotwa siku ya pili. Bernadi hakuwahi kumwona, si hai wala maiti. Ida hakupatikana.

Mtu akimezwa na ziwa namna hiyo, ndugu huzika mgomba mahali pake, ukavishwa sanda na kusomewa sala, ili walio hai walale na aliyekufa apumzike. Lidia, mke wa Bernadi, alikuwa ameshauchagua. Bernadi akagoma.

"Mgomba una urefu gani, Mama Ida? Mtoto wangu ana mita moja na sentimita sitini na mbili. Siziki kisichokuwa yeye."

"Umepima, umepima, mpaka umenimalizia mtoto," akasema Lidia. Akafunga nguo zake, akarudi kwao Maguu. "Siku ukiwa tayari kumzika, unajua nilipo."

Ikapita miezi minane. Mwalimu alikula akikumbuka kula.

Basi jioni hiyo, kopo mkononi, alipokaribia nyumbani alisikia harufu. Tope... na usipa, dagaa wa ziwani, waliooza. Kizingitini alisimama mzee mmoja. Nguo zake zilikuwa kavu, lakini ardhi aliyoikanyaga ilikuwa inalowa.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alinyoosha mkono wa kushoto. Kamba.

Vidole vitatu.

Bernadi alijua ni nani: Mzee Romanus, aliyezikwa tangu Machi. Miguu ilitaka kukimbia, moyo ukakataa, akabaki pale pale.

"Binti yako... amenituma," mzee alinong'ona. "Kijenge chumba. Atakuja kukuaga. Lakini kifuniko kiache wazi... Ukikifunga, hatoki."

"Yuko wapi? Mzee wangu, niambie yuko wapi!"

Mzee akageuza uso kuelekea ziwani kama mtu mwenye aibu. Bernadi alipofuata macho yake na kugeuka tena, kizingitini palibaki maji na kamba tu.

Kamba ilikuwa na mafundo mawili ya uzi mwekundu, fundo la Ida, lile lile alilozoea kuwekea alama vipimo vyao. Akapima baina yake. Akapima tena, kisha mara ya tatu. Mita moja na sentimita sitini na mbili.

Alilia mpaka akashika meza. Kisha akakata bati.

Kesho yake, jua likizama, chumba kilikuwa tayari mkiani mwa meli, kidogo kuliko kiberiti. Bernadi akakaa, akasubiri, kifuniko kando.

Ko, ko, ko.

Mlio ulitoka ndani.

"Ida?"

Ko.

Alitakiwa kusema kwaheri. Ndilo lililobaki, na alilijua. Lakini akishaaga, halafu? Nyumba irudi kuwa kimya? Akawasha jiko la mkaa, akapasha chuma cha kulehemia, akakipachika kifuniko na kuzungusha lehemu pande zote nne. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi safi kama ile.

Siku mbili Mwalimu alikuwa na furaha ya kutisha. Alinyoa ndevu. Alisogeza kiti, akaipigia meli soga za kijijini, nayo ikamgongea. Gaudiosa alimsikia akicheka peke yake, akapita mbali.

Siku ya tatu, jioni, kugonga kukakoma. Ukaja mkwaruzo.

Kucha.

"Baba..."

Akainamisha sikio.

"Baba, maji."

"Mwanangu, hayawezi kuingia, nimeziba mwenyewe..."

"Yamefika kifuani, Baba... Baba, fungua."

Loo! Alivyoruka! Mkasi wa bati ulimchana kidole, hakuhisi. Lehemu yake haikutaka kuachia, lehemu safi ile. Sauti ikawa shingoni, ikawa mapovu. Kifuniko kilipong'oka, chumba ambacho hata kijiko kisingeingia kilimwaga maji ya baridi mezani, sakafuni, hadi nje ya mlango.

"Ida! Nimefungua! Toka, mama, nimefungua!"

Hakuna aliyejibu. Ametoka? Au baba yake alichelewa kufungua, akazama mara ya pili?

Alfajiri alipanda gari la Mbinga, akachukua bodaboda hadi Maguu. Lidia alikuwa anapalilia mibuni. Alimwona, akasimama na jembe lake.

"Nimekuja kumzika," Bernadi akasema. "Nisamehe, Mama Ida. Mimi ndiye niliyemtuma. Kwa kipimo kimoja tu."

Lidia akatua jembe. Waliukata mgomba wenyewe. Bernadi akatoa futi, na Lidia akashika ncha ya pili, pale alipozoea kushika Ida. Mita moja na sentimita sitini na mbili.

Alasiri katekista Othmar alisoma sala, wanaume wanne wakaushusha mgomba na sanda yake. Udongo wa kwanza ukaanguka.

Ko, ko, ko.

Wachimbaji wakasimama. Mmoja akajifanya anakohoa. Lidia akauvamia mkono wa mumewe, kucha zikazama.

"Baba Ida... umesikia?"

Alisikia. Mlio ulikuwa safi kabisa, na hapo walipo ni yeye tu aliyejua Ida alimaanisha nini kwa mlio safi. Hakuna tundu. Maji hayapiti. Wala kingine chochote hakipiti, hata yeye; labda alikuwa anaaga, labda anaomba kufunguliwa.

Wanaume wanne walimtazama, wakingoja neno la baba.

Bernadi aliangalia shimo, akamwangalia mama wa mtoto wake, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Fukieni," akasema.