Mstari wa Buluu Mlangoni kwa Mama Turubai

"Huyo asivuke kizingiti changu!"

Mama Turubai alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana yake, mkasi mkononi, utepe wa kupimia shingoni. Mwanawe wa pekee, fundi wa injini za boti ambaye gati zima linamwita Spana, alikuwa ameshika mkono wa mchumba wake na sasa hajui auachie au aukaze.

"Mama, hata sijakutambulisha."

"Unitambulishe nini? Namjua! Ndiye aliyekuja na kopo la rangi akanichorea mlango bila hodi."

"Shikamoo, mama," binti alisema. "Hodi nilipiga. Cherehani zilikuwa zinanguruma."

"Marahaba. Na usinijibu."

Binti alikuwa mtaalamu wa mipango katika ofisi ya mji. Bahari ilikuwa inapanda mwaka hadi mwaka, na yeye alitumwa kuwaandaa watu wa gati. Kwenye kila mlango wa safu ya mbele alichora mstari wa buluu kuonyesha maji yatafika wapi siku bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, litakapokutana na dhoruba. Alitaka ukuta wa zege uliopasuka ubomolewe, mikoko irudishwe mbele kuvunja nguvu za mawimbi, na karakana zisogezwe nyuma juu ya sakafu zilizoinuliwa. Watu walikuwa wameshampa jina: Bi Mstari. Kwa Mama Turubai, aliyekuwa akishona maturubai ya boti hapo tangu Spana yuko mgongoni, mstari ulifika kiunoni.

"Kiunoni!" Mama alijipiga kiuno. "Unanitakia mafuriko, halafu unamtaka na mwanangu?"

"Sikutakii, mama. Nataka ujiandae."

"Jiandae wewe kurudi kwenu. Hapa haolewi mtu."

Sasa, Spana ni fundi hodari, hilo halina ubishi. Lakini kichwani mwake kuna nati moja haikukazwa. Siku mama yake alipokwenda msibani, alichukua kopo la rangi ambalo mchumba wake alikuwa amemwachia amtunzie. Akaufunika ule mstari kwa chokaa, akachora mwingine magotini. Akarudi nyuma kidogo kuutazama, akajiona ana akili.

"Mama, umeona?" alimwambia jioni. "Bi Mstari amekuja kurekebisha. Anasema alikosea."

"Amesema alikosea? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Mama Turubai alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Basi ana adabu, maskini. Wangapi siku hizi wanakubali kosa? Mlete nyumbani nimwone vizuri."

Alimwona huko nyumbani, mbali na ule mlango, Spana akihakikisha habari ya mstari haiguswi; akampenda, posa ikapokelewa. Lakini kuna jambo ambalo Mama hakumwambia mtu. Pamoja na kelele zake zote, siku ile mstari ulipochorwa kiunoni aliogopa, akazipandisha cherehani zake kwenye rafu ya juu. Sasa hofu ilikuwa imemtoka.

"Spana, nishushie cherehani zangu. Mabega yananiuma kuzifikia huko. Ziweke mezani, si maji mwisho magotini?"

Na Spana, Mungu amsamehe, akazishusha.

Dhoruba ilipiga usiku wa mwezi mpevu. Kulipokucha, simu ya Bi Mstari iliita.

"Haloo, mama? Mko salama?"

"Usiniite mama! Njoo uone ulichonifanyia!"

Alifika mbio. Karakana ilikuwa matope matupu. Cherehani zilikuwa zimelala kifudifudi, meza imepinduka, na Mama Turubai alikuwa anaifuta moja kwa kanga yake huku analia. Mlangoni, maji yalikuwa yameosha chokaa yote. Mistari miwili ya buluu ilionekana wazi, na alama ya tope ilikuwa imekomea kwenye ule wa juu.

"Ulikuwa umesema kweli," Mama alisema, sauti inakatika. "Kwa nini ukaja kuushusha? Ili nikupende?"

Bi Mstari alimtazama Spana. Spana akatazama viatu vyake. Hapo binti akaelewa yote, na moyo ukamuuma kama umebanwa mlangoni. 

"Kumbe mstari unashuka kwa posa!" alidakia Muuza Barafu, jirani wa mlango wa pili. "Basi na wangu ushuke, nina mpwa hajaoa!"

Watu walicheka, lakini kile kicheko hakikuwa kizuri. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuamua kama wanaukubali mpango au wanaukataa, na nani angemwamini tena?

Mchana ule yeye na Spana walitumiana ujumbe.

"Kopo langu nilimwachia nani?"

"Mpenzi nisamehe. Nilitaka mama akukubali."

"Aliyemkubali si mimi. Ni mtu uliyemtunga wewe."

"Nikimwambia atanifukuza."

"Wakiukataa mpango, maji yajayo yatawakuta palepale. Mimi sitakutaja. Utasema mwenyewe. Ukinyamaza, mimi na wewe basi."

Spana aliandika jibu, akafuta. Akaandika tena, akafuta.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la Muuza Barafu, watu wamekaa juu ya makreti.

"Swali letu ni moja," alisema mwenye ghala. "Tuhamishe karakana kwa mstari wa mtu anayeupandisha na kuushusha atakavyo?"

Bi Mstari alisimama. "Mstari wa juu ndio nilioupima. Mmeona wenyewe maji yalipofika."

"Na wa chini? Nao si rangi yako?"

"Rangi ni yangu."

"Ehe! Mkono je?"

Bi Mstari aliketi. Minong'ono ikaanza. Mama Turubai, aliyekaa mbele kabisa, alikuwa amegeuza uso upande.

"Mkono ni wangu."

Ilikuwa sauti ya Spana kutoka nyuma. Alipita katikati ya makreti mpaka mbele ya mama yake.

"Niliuchora mimi, mama. Yeye hakuwahi kusema alikosea. Nilikudanganya wewe, nikamharibia jina yeye."

"Na cherehani?" Mama aliuliza taratibu. "Nilipokuambia uzishushe, ulijua?"

"Nilijua. Nikajiambia maji hayatakuja mwaka huu."

Mama Turubai aliinuka, akawageukia watu wote.

"Nyinyi mliokuwa mnamcheka mkwe wangu, koma! Mkwe wangu alisema kweli tangu siku ya kwanza. Mwongo ni wangu, nimemzaa mwenyewe!" Akanyoosha mkono juu. "Tunaohama tunyooshe. Naanza mimi."

Mikono ilipanda, hata wa Muuza Barafu.

Nje, Spana alimfuata mchumba wake.

"Umenisamehe?"

"Bado. Niliitwa mwongo mbele za watu kwa ajili yako. Imeniuma sana, usidhani imepita."

"Nifanye nini?"

Alimpa brashi. "Tope limeichafua mistari ya safu nzima. Osha milango, chora upya, palepale nilipopima. Nitakagua mwenyewe."

Spana aliichora. Mchana alipanda mikoko na wenzake, tope mpaka mapajani. Jioni alizifungua cherehani za mama yake, akizisafisha kipande kwa kipande mpaka zikaanza kunguruma tena. Mama alikaa muda mrefu akimjibu kwa kuguna tu. Bi Mstari alikagua milango yote na hakuona kosa, na siku alipojikuta anacheka kwa utani wa Spana, alijua ameshasamehe.

Mikoko ilipotoa majani mapya, karakana mpya ilikuwa tayari, nyuma na juu. Ndani, turubai jeupe la harusi lilikuwa limetandazwa, limebaki pindo tu. Bi Mstari alifika na kopo lake, akapima, akainama kabisa, akachora.

"Mbona umeinama hivyo?" Mama Turubai aliuliza kutoka kwenye cherehani. "Mstari uko wapi?"

"Chini ya kizingiti, mama."

Mama alikuja kuhakikisha mwenyewe. Akautazama mstari, akamtazama mwanawe, akarudi kuutazama tena.

"Umechora wewe? Si huyu?"

"Mimi, mama."

"Basi vuka, mwanangu. Ingia ndani."