Majani ya Ngazi ya Chini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi moja: kupeleka mkate, zeituni na birika la chai shambani kwa Baba na mama yake, Bibi Shafiqa, ambao walikuwa wameshaanza kazi tangu alfajiri. Shamba letu la mizabibu liko mteremkoni hapa Halhul, karibu na mji wa Hebroni, limekatwa ngazi ngazi kwa kuta za mawe, na ngazi ya chini kabisa inapakana na barabara ya shule. Barabara hiyo ndiyo iliyoniponza. Au niseme kweli: nilijiponza mwenyewe.

Kwetu Halhul, shamba safi ni shamba tupu. Mtu anayejiheshimu hulima chini ya mizabibu mpaka ubaki udongo mwekundu mtupu, usione hata unyasi mmoja. Mwenye nyasi ni mvivu, na uvivu wake husemwa hata binti zake wanapoposwa. Basi Baba, mtu mzima na akili zake, akaacha kupulizia dawa ya magugu na kuziacha nyasi ziote. Alisema udongo umechoka, umekuwa mgumu kama sakafu, na mvua ikinyesha inateleza juu yake na kwenda zake. Katikati ya mistari akapanda maharage. Nyasi akawa anazifyeka tu na kuzilaza chini zioze.

Alikuwa amejiunga na ushirika wa akina mama wanaonunua majani machanga ya mizabibu, yale ya kufungia wali. Masharti yao yalikuwa miaka mitatu bila dawa yoyote, ndipo mtu apate cheti cha kilimo hai na bei nzuri. Sisi tulikuwa mwaka wa tatu, tumebakiza siku chache.

Siku moja tukitoka shule, Maisun, ambaye baba yake ana shamba linalong'aa kwa utupu, alisimama penye ukuta wetu akaniuliza mbele ya wenzetu, "Rudaina, hivi kwenu mnalima zabibu au mnafuga nyoka?" Wote wakacheka. Kesho yake akauliza kama baba yangu anaumwa, maana mtu mwenye afya hawezi kuliacha shamba likawa hivyo. Nikamjibu kwamba ndiyo, mgongo unamsumbua. Mgongo wa Baba haujawahi kumsumbua hata siku moja. Nilimsingizia baba yangu ugonjwa ili nisichekwe, na mpaka leo nikikumbuka uso unanichoma.

Alhamisi Baba alikwenda mjini Hebroni na Bibi akawa amelala mchana. Nikaingia kwenye kibanda cha mawe shambani. Nyuma ya mitungi ya zamani kulikuwa na chupa ya dawa ya kuua magugu, imebaki nusu, Baba ameisahau. Nilijua kuichanganya, kwa kuwa miaka ya nyuma nilimwona akiichanganya. Nikabeba bomba la kupulizia mgongoni, nikapulizia ngazi ya chini yote, ile inayoonekana barabarani. Mizabibu yetu hutambaa karibu na ardhi, na upepo ulikuwepo. Niliona majani yakilowa. Nikajiambia yatakauka, na nyasi zikifa watadhani ni jua.

Nilijiona mjanja sana. Ijumaa jioni Bi Itidal wa ushirika akaleta habari kwamba joto limewahisha majani, kwa hiyo kesho atakuja kukagua na kuchukua mzigo wa kwanza.

Jumamosi wakaanza kuchuma, na wakaanzia ngazi ya chini kwa sababu huko majani yalikuwa laini zaidi. Nyasi zilikuwa bado kijani, kwani dawa ile haiui kwa siku mbili. Hakuna aliyejua kitu. Nilichuma pamoja nao, nikipanga majani mafungu mafungu, mikono inawasha, na kila fungu nililoweka kapuni lilinizidishia uzito moyoni. Mara mbili nilifungua kinywa nikamwita Baba. Mara mbili aliitika, nikamuuliza kama anataka maji.

Bi Itidal alifika saa nne na daftari lake. Akazunguka, akachimba udongo kidogo, akaunusa, akatabasamu. Kisha akauliza, kama sheria yao inavyotaka, kama kuna dawa yoyote iliyopuliziwa hapa mwaka huu.

"Dada Itidal," Baba akasema, kifua mbele, "kwa miaka mitatu haijaingia hata tone. Neno langu hilo."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikainama, nikaendelea kupanga majani.

Kwetu mzigo wa kwanza hauondoki kabla mkubwa wa nyumba hajaonja. Bibi akachukua jani changa kutoka kapuni, akalinyunyizia chumvi, akalikunja mara mbili. Jingine akalikunja kwa ajili ya mgeni. Kisha akanyanyua lake kwenda kinywani.

Nilimrukia. Nilimpiga mkono jani likaanguka, na Bi Itidal akaganda na lake vidoleni.

"Usile, Bibi. Nimelipulizia dawa."

Baba akaniuliza kwa sauti ndogo nimesema nini. Ikabidi niseme tena, na safari hii nilisema yote: chupa, bomba, Maisun, hata lile la mgongo. Nilitegemea kofi. Badala yake Baba alimgeukia Bi Itidal, akavua kofia yake.

"Dada, nisamehe. Nimekupa neno la uongo bila kujua."

Kofi lingekuwa afadhali mara mia. Nilipomwona baba yangu, mtu ambaye neno lake linaaminiwa mlima mzima, akiomba radhi kwa uongo uliokuwa wangu, nililia mpaka kamasi zikanitoka mbele ya mgeni.

Bi Itidal hakututupa. Aliandika kwamba ngazi ya chini, pamoja na ile inayoifuata juu yake kwa sababu ya upepo, zinaanza upya mwaka wa kwanza. Zile za juu zitapimwa, na zikiwa salama zitapata cheti. Majani yote yaliyochumwa tuliyafukia shimoni, hata mbuzi hawakupewa. Ilikuwa karibu nusu ya mavuno ya majani ya mwaka ule.

Alipoondoka, Bibi alininawisha mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akaifuta, akanipa jembe. Tukapanda ngazi ya juu. Akaniambia nichimbe chini ya maharage. Jembe liliingia bila nguvu, na udongo ulitoka mweusi, una unyevu, nyungunyungu wanajikunja. Akanishusha hadi pale nilipopulizia na kuniambia nichimbe. Hata huko, hatua mbili tu kutoka barabarani, nyungunyungu walikuwepo. Sikuwahi kuinama kuwatazama.

"Hawa baba yako amewangoja miaka mitatu," Bibi akasema. "Wewe uliona nyasi tu, maana ulikuwa unatazama kwa macho ya Maisun."

Akalichukua jembe mikononi mwangu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kuchekwa hakumalizi siku. Wanaocheka wanafika kwao, wanakula, wanasahau. Lakini ulichoficha unalala nacho, na mwisho anakula mwingine. Leo ningekula mimi. Umechelewa kusema, lakini umesema kabla sijameza, na hilo nalihesabu. Baba yako atakusamehe kabla ya jua kuzama, namjua mwanangu. Udongo hauna haraka hiyo. Huu utauhudumia kwa mikono yako hadi utakapopona."

Jumapili, siku ambayo kwetu wiki ya shule huanza, tukitoka shule, nilisimama penye ukuta ule. Niliwaambia Maisun na wenzake kwamba baba yangu haumwi na hajawahi kuumwa mgongo, kwamba nyasi zile kaziacha kwa makusudi, na zitakazokauka wiki hii nimeziua mimi. Maisun alicheka. Nilimwacha acheke, nikaruka ukuta, nikaenda kumsaidia Baba kubeba samadi.