Makopo Manne Yasiyo Kwenye Ramani

Pia nyekundu ya kuchezea mtoto ilikuwa juu ya kiti cha mezani, imelowa matope, na kiti chenyewe kimevutwa nyuma kidogo, kama cha mtu aliyeinuka kwenda kunawa mikono.

Kipenga aliitazama akiwa bado ameshika kitasa cha mlango. Pia ile aliifukia mwenyewe, ndani ya kopo, chini ya mzizi, kwenye njia ya matembezi nyuma ya mji. Hakumwambia mtu. Hata simu yake hakuiambia, na siku hizi simu humjua mtu kuliko mkewe.

Akataka kupiga mluzi, kama kawaida yake akiingiwa na wasiwasi. Midomo ikajikunja vizuri, pumzi ikatoka, sauti hakuna. Mtu aliyepewa jina la Kipenga kwa sababu ya mluzi wake, aliyeongoza wageni porini miaka yote kwa mluzi huo, alisimama sebuleni akipuliza kama anayepoza uji.

Chumba cha pili cherehani ya mkewe ilikuwa inakimbia. Ikanyamaza.

"Umekuja na nani?" mkewe akauliza.

"Peke yangu."

"Nimesikia kiti kikivutwa."

Kipenga aliisukumia pia mfukoni, nao ubaridi wake ukapenya mpaka pajani.

Shida ilianzia kwenye idadi. Shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa msimamizi wa njia ile, na ndiye aliyeleta mchezo wa kusaka makopo. Unaficha kopo lenye vitu vidogo vidogo, unaweka alama kwenye ramani ya simu, halafu watu wazima wenye akili zao wanaacha vitanda vyao kuja kulitafuta vichakani, na wakilipata wanarukaruka kama waliofaulu mtihani. Sheria ni moja: ukichukua kitu, acha kingine chenye thamani hiyo hiyo.

"Matatu yanatosha," shemeji alisema.

"Njia yote ile? Weka saba."

"Saba ya nini, shemeji? Makopo yakibanana, mtu atainama kufunga kamba ya kiatu ainuke na zawadi. Huo si mchezo, ni duka."

Kipenga alicheka, lakini hakuwa na utani. Alitaka saba kwa sababu kwenye boksi lililokuwa chini ya kitanda cha binti yao vilikuwemo vitu saba. Walimwita Chiriku kwa kuwa hakunyamaza hata akitafuna. Homa ndiyo iliyomnyamazisha. Tangu mazishi hakuna aliyethubutu kuwaita Baba Chiriku na Mama Chiriku. Wao wenyewe waliitana "wewe". Na kila Kipenga alipopita mbele ya chumba kile, boksi lilimtazama. Kulitupa jalalani hakuweza. Ila kuviacha njiani, watoto wa watu waviokote wavichezee, hapo moyo wake ulikubali.

Alipomwomba mkewe ruhusa, alijibu bila kuondoa pini mdomoni. "Vitatu. Chagua wewe mwenyewe. Cha nne ukikigusa, mimi na wewe basi."

Matatu yakafichwa mbele ya shemeji, yakawekwa kwenye ramani. Kesho yake Kipenga akarudi peke yake na makopo mengine manne: moja lina pia, moja kijigari, moja mdoli, moja kiatu kile kidogo ambacho mtoto alijifunzia kutembea. Boksi akalijaza magazeti ili lisionekane jepesi. Makopo hayo manne hakuyawekea alama popote.

Kwa hiyo alipokuta pia kwenye kiti, alirudi njiani mbio. Kopo lilikuwa palepale, limefunikwa vizuri, jiwe juu yake kama alivyoliacha. Alipofungua kifuniko, mluzi wake mwenyewe ulitoka ndani, ule aliokuwa akimwitia Chiriku chakula kikiwa tayari. Ukapiga mara moja, mwembamba, ukaishia kwenye majani.

Akaelewa. Kilichokuwa kikiishi chini ya mzizi ule kilikuwa kinaijua sheria, na kilikuwa na adabu kuliko wageni wengi. Kilichukua, kikaacha. Ila kitu kilichokiacha kilikuwa mali ya mwingine, mluzi wa Kipenga mwenyewe.

Akakimbilia mahali pa kopo la pili. Hakupaona. Akatafuta la tatu, la nne. Njia aliyoweza kuitembea akiwa amefumba macho ilimpitisha kwenye miti asiyoijua na kumrudisha kwenye mzizi uleule, na simu mkononi ilikuwa inang'aa bure, kwa sababu mwerevu yeye hakuweka alama.

Kijigari kilirudi mchana, saa ile jua linapowanyamazisha hata kuku. Kilivuka sakafu peke yake, polepole, kikagonga kidole cha mguu wake. Jioni shemeji alikuja na kichekesho kuhusu bosi wake, na Kipenga alipofungua kinywa acheke hakikutoka kitu.

"Nimekukosea, shemeji?" shemeji akauliza.

"Hapana. Endelea."

Siku mdoli uliporudi, harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya udongo uliolowa iliyochanganyika na sabuni ya kuogeshea mtoto, ikaingia kwa chini ya mlango, ikapita sebuleni kama mtu anayejua nyumba, na Kipenga akaifuata bila kutaka, mkono ukutani, mpaka kwenye chumba cha Chiriku alichokikimbia muda wote huo, ambako mdoli ulikuwa umelazwa kitandani na kufunikwa shuka mpaka kidevuni, na pembeni yake godoro lilikuwa limebonyea, na mbonyeo ule ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama ubavu wa mtu aliyelala. Akageuka kutafuta pa kuweka macho, akaiona picha ya ukutani: mtoto wa kike ameshika puto, anacheka. Mtoto mzuri. Hakumjua ni wa nani.

Mganga aliyeitwa na Kipenga alikuja kwa pikipiki, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani. Alinusa sebule, akakaa, akakataa maji.

"Kimefuata vitu," alisema taratibu. "Umefukia makopo mangapi huko?"

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha cherehani, pini mdomoni.

"Nasubiri, baba. Mimi nafunga tundu moja moja. Ukinificha hata moja, nitakuwa sijafanya kitu."

Kipenga alimtazama mkewe. Cha nne ukikigusa, mimi na wewe basi. "Matatu," akasema.

Mganga akamgeukia mwanamke. "Ni kweli, mama?"

"Aliyeficha ni yeye," mkewe akajibu. "Muulize yeye."

Wakaenda, mganga akayafunga yale matatu ya kwenye ramani, ambayo hayakuwa na ubaya wowote zaidi ya vibeba funguo vya wageni. Akapanda pikipiki yake, akaondoka.

Kesho yake, jua lilipokaribia utosini, Kipenga alishindwa. Akaingia kwenye chumba cha cherehani, akapiga magoti kati ya vipande vya vitambaa.

"Yalikuwa saba," alinong'ona. "Mke wangu, nilikudanganya, nikamdanganya na mganga. Tumwite tena. Bado moja halijatoa kitu chake."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Magazeti hayatoi mlio wa kijigari ukitikisa boksi. Nililitikisa usiku uleule." Akakata uzi kwa meno. "Kila mchana kinakuja. Kinakaa hapa chini ya cherehani, kinashika upindo wa gauni langu. Kama alivyokuwa anafanya."

"Siyo yeye!"

"Usinipigie kelele. Najua siyo yeye, mimi si mjinga. Lakini wewe ulimtoa humu ndani kipande kipande kama takataka. Kile kinamrudisha."

"Kinarudisha na kuchukua! Mluzi, kicheko, sura yake... Sasa kimebaki kiatu. Hujiulizi kitachukua nini?"

Mkewe akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi jicho lake lilikuwa na huruma.

"Nimejiuliza sana, Baba Chiriku," alisema. "Nimekubali."

Nje, kwenye saruji ya baraza, kiatu kimoja kikagonga. Kikatulia. Kikagonga tena, kwa mwendo wa mguu ambao bado haujazoea, ukiyumba, ukijishika ukutani, ukija. Harufu ya udongo na sabuni ikajaa chumba. Mkewe aliinuka, uso umefunguka kama wa bi harusi, akampita Kipenga, akavuka sebule, akafungua mlango wa mbele na kuinama, mikono wazi. Kipenga alimkimbilia, akamshika bega.

Akageuka. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Samahani, kaka," alisema, kwa ile sauti ya upole anayowapa wateja. "Mchana tunafunga. Nguo zako njoo kesho."

Akamtoa nje kwa adabu, kiganja mgongoni, kama anavyotolewa mgeni aliyekosea nyumba. Ufunguo ukazunguka. Kipenga alibaki barazani kwenye jua, akitaka kupiga mluzi, akipuliza tu, na kwa ndani akasikia sauti ndogo, ya maji maji, ikiuliza:

"Mama, yule ni nani?"

"Sijui, mwanangu."