Nyumba Iliyofunikwa kwa Rangi ya Majani

Ilianza Jumanne, tarehe 9 Septemba 1873, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nina uhakika wa saa. Kazi yangu katika banda la kuchorea la Mjomba Ambrose, kilimani juu ya nyumba yetu, ilikuwa kulinganisha picha yake kubwa na michoro ya penseli: idadi ya misonobari, mikunjo ya mto, urefu wa vivuli. Nilikuwa nimeona kosa.

"Mjomba, umeisahau nyumba ya Bibi Crandall."

"Sijaisahau. Nimeifunika." Akafuta brashi kwenye suruali. "Matajiri wa New York wanataka bonde lisilokanyagwa na mtu. Nani ataning'iniza sebuleni milima ya Rocky yenye chupi za mjane kwenye kamba?"

Nilicheka. Naona aibu kuandika hivyo.

Adhuhuri nilivuka mto kumrudishia Bibi Crandall chekeche lake la unga. Nyumba haikuwepo. Hapakuwa na jivu, wala msingi, wala njia. Majani tu, yamefika magotini, yananuka rangi.

Nikarudi mbio. Mama alikuwa akikanda unga wa mahindi.

"Bibi Crandall yupi?" akauliza. "Ng'ambo ile hajawahi kukaa mtu, Lovina. Hivyo vitabu vya chuo kikuu unavyokesha ukisoma vitakuua, mwanangu."

Chekeche lilikuwa bado mkononi mwangu.

Jioni nilimkuta Mjomba mbele ya turubai la picha yake, brashi imeelekea nyumba ya pili. Ya kwetu.

"Kesho, mwanga ukiwa mzuri, na hii," akanong'ona. "Bonde litakuwa safi."

"Mama yumo humo. Dada yako!"

"Hatasikia maumivu. Huwa hawasikii."

Alijua. Muda wote alijua.

Sikulala. Jambo moja nililijua: rangi ya mafuta haikauki kwa siku moja. Saa kumi na moja na nusu niliingia bandani na kitambaa na tapentaini, mafuta ya kuyeyushia rangi. Nikafuta majani. Ukatokea ukuta. Dirisha. Dohani.

Ng'ambo ya mto mlango ukafunguka. Bibi Crandall akatoka akikung'uta blanketi, akimtukana jogoo wake kama kawaida. Nusu ya kichwa chake ilikuwa bado na rangi ya kijani.

Kitambaa kilikuwa kimefunua na kitu kingine. Chini ya rangi ya zamani, iliyokauka na kumeguka, ncha ya hema la ngozi. Kando yake nyingine. Nyingi.

"Acha!" Mjomba alikuwa mlangoni, miguu mitupu. "Hao wenyeji wa bonde niliwafunika miaka sita iliyopita, kabla mama yako hajajenga. Watarudi!"

Mbwa akabweka bondeni. Hakuna anayefuga mbwa bondeni.

"Watauliza nani kakaa kwao," akanong'ona.

"Na waulize. Mimi nipo, nitawajibu."

Nikachukua kisu chake cha kukwangulia rangi, nikaendelea.