Kidirisha cha Mnarani

Haya yalimpata rafiki yangu Gwenda, wa kule Somerset, na hadi leo hagusi sandwichi ya mayai. Alitumwa kufunga mnara wa mawe ulioko malishoni, ambao tajiri mmoja wa zamani aliujenga kwa kujionyesha tu, kisha akaajiri mzee akae humo miaka saba bila kukata nywele wala kucha, wageni waje kumtazama na chakula chake apitishiwe kidirishani.

"Usiweke chakula kidirishani, mwanangu," alisema Bi Tapscott, mtunza ufunguo.

"Kwani huyo babu bado hajashiba?" Gwenda akacheka.

Ndani kulikuwa na giza, na kuta zilitoka jasho la utelezi lililonuka kama soksi zilizovunda. Akaweka sandwichi kidirishani ili amimine chai. Kitu kikakwaruza jiwe, taratibu, kisha kikanyamaza.

"Panya hao," akanung'unika, akaipapasa sandwichi yake, akauma.

Jino likakutana na kitu kigumu. Ganda la yai, akadhani, akatafuna. Halikuvunjika, lilipinda tu.

Akatoka nje kwenye mwanga, akatema kiganjani. Ulikuwa ukucha wa manjano, uliojikunja kama pembe ya kondoo dume, na damu ya shinani ilikuwa bado ya moto.