Redio na Suruali ya Mwalimu Mkuu

Kila siku baada ya shule Redio alibadilisha sare, akala kilichokuwepo, kisha akaingia chumba cha mbele ambamo mama yake alishona nguo za watu. Kazi yake ilikuwa kufagia vipande vya vitambaa na kupitisha sumaku sakafuni ili aokote pini. Jina lake la kweli lilibaki kwenye kitabu cha mahudhurio. Nyumbani na mtaani aliitwa Redio, kwa sababu aliamka akisema na kulala akisema, na hakuna aliyewahi kukiona kitufe cha kumzima.

Mwaka huo kazi zilimzidi mama, akaajiri fundi wa pili. Alikuwa dada mrefu, mwepesi wa mikono, mshono wake umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Alikuwa pia kiziwi. Yeye na mama walielewana kwa lugha ya alama kidogo, na kwa kuandikiana katika daftari la oda lililokaa kando ya cherehani. Siku tatu za kwanza Redio alimsimulia Dada Fundi habari zote za darasa lake, za kweli na za kuongezea. Dada Fundi aliendelea kukanyaga cherehani yake kana kwamba chumbani hamna mtu.

Hilo Redio hakuliweza. Aliazima maktaba kitabu cha picha cha lugha ya alama, akajifungia Jumamosi na Jumapili, akameza alama mia mbili. Jumapili jioni alimkalisha mama kitandani ampime. Mama akashika kitabu, na mikono ya Redio ikatiririka kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kukwama. Mama alistaajabu, kisha akamwomba aanzie katikati. Redio alisema hilo ni jambo dogo sana, ila ghafla alikuwa amechoka.

Jumanne mama alikwenda hospitali kumwangalia mdogo wake aliyejifungua. Aliacha agizo moja tu: mteja akija, Redio aandike oda kwenye daftari, Dada Fundi asome. Redio alijibu kwamba siku za daftari zimekwisha.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule yake. Alileta suruali ya suti aliyoshonewa na mama, ambayo angeivaa kwenye mahafali, Ijumaa ya wiki iliyofuata. Alitazama mlangoni, akashusha sauti, akaeleza kwamba suruali inambana. Iongezwe inchi mbili kiunoni. Si kwamba alikuwa amenenepa. Kitambaa ndicho kilichonywea. Baada ya kusema hayo aligeukia kioo, akalivuta tumbo ndani na kujitazama upande.

Redio akamgeukia Dada Fundi. Alama ya suruali ilikuja vizuri, lakini ya kiuno haikuja kabisa, akaona atumie mkanda. Angeweza kugusa kiuno chake tu, lakini mtu mwenye maneno mia mbili haonyeshi kwa kidole kama mtoto mchanga. Taabu ni kwamba maneno yake aliyajua kwa foleni. Ili aufikie mkanda ilibidi aanzie juu ya ukurasa, na Dada Fundi akatazama kwa mshangao mikono ile ikitaja kofia, shati, koti, soksi, hadi ikasimama. Kumbe ilikuwa imeupita mkanda kwa neno moja, ikasimama kwenye kaptura. Kisha Redio akainua vidole viwili.

Dada Fundi alikunja uso, akauliza jambo kwa mikono. Redio hakuelewa hata alama moja, akaitikia kwa kichwa. Dada Fundi akainama, akapima vidole viwili juu ya goti lake, akainua nyusi. Redio alitambua "mbili", akafurahi, akaitikia kwa nguvu zaidi. Dada Fundi akamsogezea daftari. Redio akalirudisha lilikotoka.

Alhamisi, mama akiwa amerudi, mwalimu mkuu alikuja kujaribu suruali. Aliingia nyuma ya pazia na kukaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka alikuwa na koti, tai, soksi nyeusi zilizovutwa vizuri, na magoti mawili.

"Na bado inabana," alisema taratibu.

Mama alishika kichwa. Alisema labda aliharakisha kumwajiri fundi huyu, na mwalimu mkuu akaongeza kwamba ni vigumu mtu asiyesikia kupokea oda. Dada Fundi alisoma nyuso zao. Alijua analaumiwa, ila hakujua kwa kosa gani. Akamtazama Redio.

Redio akinyamaza, mambo yangemwishia salama yeye, na Dada Fundi angekosa kazi.

"Mama, si yeye," alisema. "Aliniuliza mara tatu. Sikuelewa hata mara moja, nikawa naitikia tu."

Mwalimu mkuu aliketi, akayafunika magoti kwa gazeti. Mama alimwomba Dada Fundi radhi kwa mikono yake mwenyewe, kisha akatoa hukumu. Kitambaa cha suti ile kilikuwa kimebaki kabatini, hivyo itashonwa suruali nyingine, na Redio atamsaidia Dada Fundi kila jioni, mdomo ukiwa umefungwa. Kitabu kikarudi maktaba.

Jioni ya kwanza Dada Fundi alimpa maneno kumi tu, kila moja na kitu chake mkononi: pini, uzi, mkasi, kifungo. Kisha akavichanganya vitu mezani na kuviokota ovyo. Foleni ya Redio ikavunjika, ikabidi alijue kila neno peke yake. Kesho yake walianza na yale ya jana. Neno alilolipata lilipumzishwa siku mbili tatu ndipo aulizwe tena. Alilokosa lilirudi jioni ileile. Akitaka maji, aombe kwa mikono, la sivyo kiu yake. Alama ya mkasi ilipomponyoka mara nne, alijiwekea akilini picha ya kuku mwenye hasira anayedonoa kitambaa, na haikumponyoka tena.

Jumatano, mwalimu mkuu alipokuja, Redio alikuwa na maneno hamsini na matatu. Suruali ilimkaa sawasawa. Aliomba tu mfuko wa nyuma upanuliwe ili hotuba yake iingie. Redio akaanza kutafsiri, akafika kwenye hotuba, akasimama. Alimwonyesha Dada Fundi kwamba hajui, akaliandika neno lile kwenye daftari, akafundishwa alama yake, akairudia mara tatu na kuendelea.

Mwalimu mkuu akauliza kama mtoto huyu hajamaliza kujifunza. Redio alimfikishia Dada Fundi swali hilo. Dada Fundi akaweka mkasi chini, akajibu polepole, na Redio akatafsiri akiwa ameinamisha kichwa:

"Anasema sijamaliza, ila sasa nimeanza. Neno usilolijua ukiliuliza, linakuwa lako. Ukijifanya unalijua, linaharibu kazi ya watu, na anayelaumiwa ni mwingine."

Mwalimu mkuu alitoa kalamu na karatasi ya hotuba yake, akamwomba Redio arudie.