Hoja ya Askari wa Tisa

Sogeeni hapa karibu. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, mlango si mahali pa kukaa. Na vueni hivyo vidude vya masikioni, maana haya ninayotaka kuwaambia yaliingilia humo humo. Nyamazeni kwanza. Nataka nisikie pumzi zenu tu.

Haya.

Palikuwa na mshonaji mmoja, mwanamke mtu mzima, mchana ana sindano mkononi, jioni ana bunduki. Msicheke. Bunduki ya kwenye skrini, ya ule mchezo wa askari wanaopigana huko juu kwenye nyota. Alifundishwa na kaka yake wa tumbo moja, fundi saa, mtu aliyeweza kukaa siku nzima anakodolea macho gurudumu dogo kama punje ya mtama. Walikuwa wanne katika kundi lao. Mshonaji, kaka yake, mkunga mmoja asiyependa upuuzi, na dereva wa lori waliyemwita Tani Kumi, kwa uzito wake yeye, si wa lori. Kila mmoja alikaa kwake na hedifoni zake, wakasikilizana kama wako chumba kimoja.

Mimi bunduki sizijui. Ila mkunga aliniambia, "Bibi, kupiga risasi kulikuwa nusu saa. Saa mbili zilizobaki tulibishana."

Walibishania kisa chenyewe. Ndani ya mchezo mlikuwa na chombo kilichosafiri angani na askari tisa. Wanane wakatoka nje kukagua. Wa tisa akabaki, akafunga mlango. Halafu mlango ukagongwa. Sauti za wenzake zikamwita kwa jina, zikamlilia, nifungulie, hewa inaniishia. Hakufungua. Kisa kikaishia hapo, waliotengeneza mchezo wakanyamaza, wakawaachia watu wagombane.

Mshonaji alisema: wale walikuwa watu, na askari wa tisa alikuwa katili.

Kaka yake alisema: hawakuwa watu tena. Kitu cha huko nje kilikuwa kimewasikiliza wakiongea kwenye redio zao siku nyingi, kikajifunza sauti. Mwenye kugonga alikuwa kile kitu.

Miezi sita walibishana hilo moja.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana ndiyo iliyowaponza. Aliyeshindwa hoja alitamka, "Nimeshindwa." Mshindi akajibu, "Nimepokea." Hapo askari wa aliyeshindwa anahamia kwa mshindi, anakaa kwenye chumba chake mle ndani ya chombo. Na mtu ambaye hoja yake haijafungwa jina lake halifutwi kwenye kundi, hata akikaa kimya mwaka mzima. Hawakuwahi kujiuliza, je, akifa?

Jioni moja mshonaji alikasirika. Akamwambia kaka yake mbele ya wenzake, "Kaka, wewe kwenye hoja ni maiti. Kalale." Wote wakacheka. Kaka naye akacheka kidogo, akazima.

Asubuhi walimkuta kitini, hedifoni shingoni, mwili umeshapoa. Daktari akasema ni moyo.

Mwanamke yule alishona sanda ya maneno yake mwenyewe, akaivaa. Kula hali, kulala halali. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu. Amsikie kaka yake anasema, yamekwisha.

Miezi miwili ikapita. Siku moja akawasha mchezo, akaona taa ya kijani pembeni ya jina la marehemu. Taa hiyo huwaka mtu akiwepo. Siku ya pili ikawaka tena. Ya tatu, tena. Haisemi kitu. Ipo tu... inasikiliza.

"Ni wewe, Tani Kumi?" akauliza. Kwa sababu dereva yule alijua kuigiza sauti za watu. Angeweza kukuigizia mkweo mpaka ukasimama.

"Dada, mimi ni mpuuzi, lakini si mshenzi," akajibu dereva.

Hakumwamini. Akamshuku na mkunga. Akamshuku na wifi yake, mjane wa marehemu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo alizijua.

Jioni ya nne, jua likizama, akachukua sare ya shule aliyomshonea binti wa marehemu, akaikunja vizuri, akaenda kuipeleka. Sare ilikuwa kisingizio. Alitaka kuiona mashine ya kaka yake, ile ya kuchezea.

Wifi alimpokea vizuri, akampa kiti. Nyumba ilinukia yale mafuta mepesi ya kulainishia saa. Meza ya kazi haikuwa imeguswa.

"Wifi," mshonaji akasema, "ile mashine ya kaka inatumika na nani?"

Yule mama akamtazama muda mrefu. "Na nani tena?"

"Nauliza tu."

"Unauliza tu, na macho yamekutoka hivyo." Akainuka, akafungua kabati, akatoa furushi la shuka lililofungwa mafundo mawili. Akafungua. Mashine ilikuwa ndani, na waya wake umekatwa katikati. "Nilikata mwenyewe kwa mkasi, siku ya pili baada ya mazishi. Ilikuwa inaongea peke yake."

"Inaongea nini?"

"Yale yale yenu. Mlango, mlango, mlango." Akashusha sauti. "Kwa sauti yako wewe, wifi."

Mshonaji akatoa simu yake mfukoni. Akafungua kundi.

Taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Na mashine iko pale mapajani mwake, baridi kama sufuria ya jana.

Alitembea kurudi nyumbani upesi, bila kugeuka. Akafunga mlango kwa komeo, akasogeza na cherehani nyuma ya mlango. Kisha, niambieni nyie, mtu mwenye akili angefanya nini? Angezima kila kitu akalale kwa jirani. Yeye alivaa hedifoni. Msimcheke. Aliyepoteza mtu hana akili ya kukopeshwa.

Wenzake wawili walikuwepo tayari.

"Umechelewa, dada," Tani Kumi akasema. "Mkunga hapa ananitisha na habari za kuzalisha."

"Nyamazeni," mshonaji akanong'ona. "Yupo."

Kitu kikapumua kwenye hedifoni. Pumzi ya mtu anayejaribu kupumua, anakosea, anarudia.

"Mdogo wangu..."

Ilikuwa sauti ya kaka yake. Ile ile, na kile kikohozi kidogo katikati.

"Mdogo wangu, nimefikiri sana. Ulikuwa sahihi. Walikuwa watu. Mlango ulistahili kufunguliwa."

Machozi yakamtoka.

"Ulichoniambia siku ile... yamekwisha. Nimekusamehe. Nimeshindwa."

Ndilo neno la desturi yao. Lilikuwa linangoja mwenzake.

Mshonaji akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa umeshagusa neno. Mkunga aliniambia alisikia kabisa ile "ni..." ikianza kutoka.

"Mpokee, dada," Tani Kumi akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, si ya mzaha. "Mwenzio amekubali. Kama ni roho yake, ipumzike."

"Asipokee," mkunga akakata. "Yule mtu miezi sita hakuwahi kukubali hata kwamba kumenyesha. Leo kafa ndiyo kawa mwepesi?"

Hapo mshonaji akafunga mdomo. Kwa sababu ni kweli. Kaka yake alikuwa mbishi mpaka na saa, saa iliyogoma kutengenezeka aliilaza kwenye pamba akaamkia nayo kesho yake. Asingebadili hoja. Angekuja kutoka kaburini kubishana zaidi, hapo angemwamini.

Akafikiri tena. Yote iliyoyasema sauti hii, na lile tusi, na huku kuitana mdogo wangu, yalikwisha kusemwa humu humu ndani ya hedifoni. Inayajua ya humu. Je, ya nje?

"Kaka," akasema polepole. "Mama alikuwa akikuita nani ulipokuwa mdogo?"

Kwa mbali kukasikika mkwaruzo, kama kucha inayopita kwenye bati.

"Kaka. Mama alikuwa akikuita nani?"

Kisha ikajibu. Kwa sauti yake yeye, mshonaji, na kile kigugumizi cha kulia ndani yake.

"Kaka. Mama alikuwa akikuita nani?"

Na mara ya tatu. Na ya nne. Kila mara ikirekebisha kidogo, kama mtu anayejaribu nguo mbele ya kioo.

Mkunga akaanza kusali. Mshonaji hakuweza hata kuvua hedifoni.

Tani Kumi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Watu wa mzaha ndivyo walivyo, kimya kinawaua. Akacheka kicheko kikavu.

"Basi jamani, mzaha gani huu. Nani anafanya? Mimi nina safari alfajiri. Haya, mimi nimepokea, tulale."

Taa ya kijani ikazima.

Hapo hapo, ndani ya hedifoni, upande wa dereva, wakasikia mlango unagongwa.

Mara moja. Ikatulia. Mara mbili.

"Ngojeni," Tani Kumi akasema. "Kuna mtu."

"Usifungue," mshonaji akanong'ona. Hoja yake ya miezi sita, akaitupa hapo kwa neno moja. "Ndugu yangu, nakuomba. Usifungue."

"Ni mke wangu huyo. Alisafiri kwao, kasema angerudi wiki hii. Namsikia kabisa ananiita." Akaweka hedifoni mezani.

Nyayo zake nzito. Komeo. Bawaba.

Halafu hawakusikia kitu... muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Labda nyuzi mbili.

Nyayo zikarudi. Nyepesi kuliko zilivyoondoka.

"Hakuna mtu," Tani Kumi akasema. "Endeleeni kuongea."

"Uko salama?" mkunga akauliza.

"Endeleeni kuongea."

Walizima wote wawili kwa pamoja.

Mke wa dereva alirudi baada ya siku tatu. Usiku ule, aliapa, alikuwa bado kwao, amelala chumba kimoja na mama yake mzazi.

Lakini kesho yake ya usiku ule, saa tisa mchana, mshonaji yuko kazini na mlango wazi, mtu akaziba mwanga. Tani Kumi. Amesimama kizingitini na suruali mkononi.

"Karibu," angesema siku nyingine. Siku hiyo alisimamisha cherehani tu.

Jambo la kwanza aliloliona, au tuseme ambalo hakulinusa, ni harufu yake. Dereva yule alinuka dizeli miaka yote, ungemjua akiwa bado kona ya pili. Leo hanuki dizeli, hanuki jasho, hanuki sabuni. Hanuki kitu.

"Suruali inataka kupunguzwa kiuno," akasema.

"Iweke hapo nje. Nitaichukua."

Hakuiweka. Alisimama tu, akitabasamu kama mtu aliyeonyeshwa tabasamu kwenye picha.

"Lile swali lako la jana, mdogo wangu," akasema. Tani Kumi hakuwahi kumwita hivyo. "Nimelifikiria usiku kucha. Mama alikuwa akimwita nani?"

Mshonaji akashika mkasi. Akamtazama machoni. Anasema macho yalikuwa ya Tani Kumi kabisa, hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Kwa nini unataka kujua?"

"Ukiniambia, nitaweza kukusamehe vizuri."

Niambieni, nani kati yenu angekataa? Alilolililia miezi miwili lilikuwa limesimama kizingitini kwake, linaomba jina moja tu. Mshonaji akasema:

"Mama hakumwita chochote. Nenda kwako."

Yule mtu akatikisa kichwa taratibu. "Nitasubiri," akasema. Akaondoka na suruali yake.

Lori anaendesha mpaka leo. Watu wengine husema walimpata mtu mwema zaidi, maana mzaha umeisha na sasa anasikiliza. Mkewe mwenyewe alisema, "Nimepata mume mpya. Naongea mpaka nachoka, yeye ananisikiliza tu." Alisema hivyo akicheka. Baadaye akahamia kwao bila kueleza sababu, na hajaulizwa. Kama ni uchawi wa mtu, kama ni jini, kama ni huzuni ya watu watatu iliyopata mdomo, mimi sijui. Mkunga anasema moyo wa dereva umeshtuka tu. Anasema hivyo mchana.

Vitu vya marehemu viligawanywa. Meza ya saa na vyombo vyake alirithi binti yake mkubwa, mkono wake mwepesi kama wa baba. Nyumba ni ya mjane. Mashine hakuna aliyeitaka, imo kabatini na mafundo yake mawili. Kundi lilimwangukia mkunga, akafuta majina yote, la kwake la mwisho.

Mshonaji alirithi ugomvi, mzima, kama ulivyoachwa. Na lile jina la utotoni, ambalo sasa duniani analijua yeye peke yake. Nilimwomba aninong'oneze, mimi shangazi yake niliyembeba mgongoni. Akanitazama kwanza, muda mrefu, akavuta pumzi puani kama ananinusa.

Hakuniambia.